Simuleta za Treni kwenye Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uhalisia na Raha Yake

Treni haina usukani. Sasa kuna nini cha kuendesha?

Uzito na muda. Treni ya abiria inayokwenda kilomita 60 kwa saa inahitaji kama mita 230 kusimama bila kuwayumbisha abiria, na ya mizigo inahitaji zaidi. Kwa hiyo kazi yote hufanyika kabla jambo halijaonekana dirishani: unapunguza nguvu sasa kwa sababu ya kona iliyo kilomita mbili mbele, unashika breki kwa ajili ya stesheni ambayo bado imefichwa na kilima. Ukikosea huambiwi hapohapo. Unakuja kugundua dakika moja baadaye, taa nyekundu inapokusogelea na breki zote umeshazitumia. Anayependa gemu za kubofya haraka atachoka mapema. Anayependa kukadiria, kisha kuona kadirio lake likitimia kwenye alama ya kusimamia, atakaa hapo mpaka usiku wa manane.

Nitajuaje kama simuleta ina uhalisia au ina michoro mizuri tu?

Acha kuangalia miti na mawingu kwanza. Fanya majaribio yafuatayo. Nusu saa inatosha.

Kwanza, fikisha treni kilomita 80 kwa saa kwenye reli tambarare, rudisha mkono wa nguvu sifuri, usiguse breki. Chuma juu ya chuma kina ukinzani mdogo mno, kama kilo 1.5 hadi 2 za nguvu kwa kila tani kwa mwendo mdogo, kwa hiyo treni inapaswa kujiendea yenyewe kilomita kadhaa. Ikisimama baada ya mita mia chache, hiyo si treni. Mhandisi W. J. Davis alitoa mwaka 1926 fomula ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa hesabu hii: sehemu moja ya ukinzani haibadiliki, ya pili inapanda sambamba na mwendo, ya tatu inapanda kwa mraba wa mwendo kwa sababu ya hewa. Katika Open Rails, simuleta ya bure, unaweza kufungua faili ya behewa na kuzikuta namba hizo tatu kwa jina lake Davis.

Pili, endesha kichwa kitupu, yaani injini bila mabehewa, kisha kifunge tani 1,000 nyuma yake. Kama tofauti unaiona kwenye geji ya mwendo peke yake na si kwenye kila unachokifanya, ujue uzito umewekwa kwa kukisia.

Tatu, leta mvua. Hapa hesabu inafurahisha, tuifanye. Kichwa cha tani 84 kinachovuta tani 1,000 kwenye mwinuko wa 10 kwa 1,000 kinahitaji nguvu ya kama kilonewtoni 106 kuushinda mlima, na kama 16 nyingine kuushinda ukinzani wa magurudumu. Jumla ni 122. Reli ikiwa kavu, mshiko wa gurudumu na reli ni karibu asilimia 30 ya uzito wa kichwa, yaani kilonewtoni 247, na unapanda bila wasiwasi. Mvua ikianza kunyesha na mshiko ukashuka hadi asilimia 15, umebaki na 124. Unazo mbili tu za ziada. Ukisimama katikati ya mlima huo huondoki tena, hata uwe na farasi elfu sita kwenye injini, maana kinachokukwamisha ni gurudumu kuteleza. Nguvu ya mota bado ipo tele. Simuleta nzuri itakuonyesha magurudumu yakizunguka bure, mlio wa mota ukipanda ghafla, sindano ya ampea ikianguka, na itakulazimisha upunguze nguvu, umwage mchanga, uanze upya taratibu. Simuleta dhaifu itakupandisha tu.

Jaribio la nne ni breki, na hilo linastahili swali lake.

Mbona breki zinachelewa? Nimeshika, treni inaendelea kama haijasikia.

Haijasikia bado, ni kweli. Kwenye treni ya breki za hewa kuna bomba moja linalopita chini ya mabehewa yote. Likijaa, breki ziko huru. Ukipunguza shinikizo lake, vali iliyo kwenye kila behewa inafungua hewa kutoka tangi dogo la behewa hilo kwenda kwenye silinda ya breki. Mpangilio huu unaonekana kuwa kinyume, lakini ndio unaookoa maisha: treni ikikatika vipande viwili, bomba linapasuka na vipande vyote vinasimama.

Taarifa ya kupungua kwa shinikizo husafiri ndani ya bomba kwa karibu mita 250 kwa sekunde au zaidi kidogo. Treni ya mita 1,500 inachukua takriban sekunde sita kabla behewa la mwisho halijapata habari. Kisha silinda yenyewe inahitaji muda wa kujaa: kwa kanuni za Ulaya, sekunde 3 hadi 5 kwenye treni ya abiria, na 18 hadi 30 kwenye treni nzito ya mizigo. Kuachia ni polepole zaidi, mpaka dakika nzima kwa mizigo. Ukiona simuleta inakaza na kuachia breki za treni ndefu papo kwa papo, imeruka sehemu tamu kuliko zote.

Namba za kukumbuka. Ulaya bomba huwa na shinikizo la bar 5. Ukilishusha hadi kama 4.5 breki zinaanza kugusa, ukifika 3.5 umepata breki yote ya kawaida, na kuendelea kushusha chini ya hapo hakuongezi kitu. Marekani, ambako shinikizo hupimwa kwa psi, treni ya mizigo kwa kawaida hutumia psi 90, na breki yote unaipata ukiwa umeshusha kama 26. Tofauti kubwa iko kwenye kuachia. Breki za Ulaya unaweza kuzilegeza kidogokidogo. Za treni ya mizigo ya Marekani, ukipandisha shinikizo kidogo tu, zinaachia zote kwa mkupuo.

Hapo ndipo wageni wanapopotelea kwenye mteremko mrefu. Wanashika, wanaona mwendo umeshuka mno, wanaachia. Mwendo unapanda, wanashika tena. Matangi ya mabehewa yanajazwa na bomba lilelile, na hayajapata muda wa kujaa. Kila mshiko unakuwa dhaifu kuliko uliotangulia, na kwenye mshiko wa nne au wa tano hewa haipo. Njia sahihi ni kuingia mteremkoni ukiwa na mwendo mdogo, kuweka breki ya hewa kwa kiasi kimoja na kuiacha hapohapo, kisha kurekebisha tofauti ndogo kwa breki ya mota za umeme. Katika Open Rails kuna chaguo kwenye mipangilio linaloruhusu breki ziachie kidogokidogo. Liwashe kwa treni za Ulaya. Kwa mizigo ya Marekani lizime, la sivyo unajidanganya.

Treni yangu haisogei kabisa. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa, na mara nyingi sana jibu ni moja kati ya haya. Yapitie kwa mfuatano:

1. Mkono wa mwelekeo uko katikati. Usukume mbele kabla ya kuongeza nguvu. Vichwa vingi havikubali uubadilishe wakati mkono wa nguvu uko juu.
2. Mlango mmoja haujafungwa. Treni nyingi za abiria hukata nguvu mpaka taa ya milango ithibitishe kuwa yote imefungwa.
3. Bomba la breki halijajaa. Angalia geji, usiangalie mahali mkono ulipo: mkono unaweza kuwa umeachia wakati hewa bado inajaa, na treni ndefu iliyokuwa tupu huchukua dakika kadhaa.
4. Breki ya kichwa peke yake, au ya kuegeshea, bado imekaza. Kwenye mizigo, angalia pia breki za mkono za mabehewa.
5. Pantografu (mkono wa juu ya paa unaochukua umeme kwenye waya) iko chini au swichi kuu imekatika. Pandisha pantografu, subiri volti za waya zionekane kwenye geji, ndipo ufunge swichi kuu. Ukibadilisha mfuatano huo swichi inakataa.
6. Mfumo wa usalama umeshakushika. Rudisha mkono wa nguvu sifuri, thibitisha, achia, anza upya. Bila kurudi sifuri kwanza, vichwa vingi havitoi nguvu hata kosa likiwa limeondoka.
7. Umeunganisha mabehewa lakini hukufungua koki za hewa. Katika simuleta ya Derail Valley unaunga mpira wa hewa na kufungua koki za pande zote mbili kwa mkono wako mwenyewe. Ukisahau moja, breki za mabehewa hazitii mkono wako kabisa.

Breki za dharura zinajifunga zenyewe, sijagusa kitu. Ni hitilafu?

Kwa kawaida ni mfumo wa usalama unafanya kazi yake. Uingereza kuna AWS: sumaku iliyo kati ya reli, kama mita 180 kabla ya ishara. Ishara ikiwa kijani unasikia kengele, huna la kufanya. Ikiwa rangi nyingine inalia honi, na una kama sekunde mbili za kubonyeza kitufe. Ukichelewa, treni inasimamishwa. TPWS, ambayo inakwenda nayo, hukamata anayekaribia ishara nyekundu kwa mwendo mkubwa au anayeipita, na breki zake hukaa zimekaza dakika nzima kabla hujaruhusiwa kuanza upya. Watu wengi huanza kubonyeza kila kitufe ndani ya dakika hiyo na kuharibu zaidi. Tulia, subiri.

Ujerumani mambo ni makali zaidi. Mfumo uitwao Sifa ni kanyagio unalolikanyaga muda wote na kuliachia kidogo angalau kila sekunde 30. Usipofanya hivyo inawaka taa, kisha inalia, kisha inasimamisha treni. PZB, mfumo unaochunga mwendo wako kwenye ishara, inataka uthibitishe ishara ya tahadhari ndani ya sekunde 4, kisha, kwa treni ya abiria ya kasi, uwe chini ya kilomita 85 kwa saa ndani ya sekunde 23. Mtego wenyewe uko hapa: ukisimama stesheni wakati PZB bado inakuchunga, inaingia kwenye hali ngumu zaidi na kikomo kinakuwa 45. Mchezaji anaondoka, anaona ishara ya kijani mbele, anaongeza mpaka 60, breki zinamshika, analaumu programu. Ishara ya kijani haifuti uchunguzi huo moja kwa moja. Lazima uwe umemaliza umbali wake au ubonyeze kitufe cha kujinasua pale kinaporuhusiwa.

Katika baadhi ya simuleta mifumo hii huwa imezimwa mwanzoni. Ukishaizoea treni, iwashe. Kuendesha Ujerumani bila PZB kunaondoa nusu ya kazi ya dereva.

Nawezaje kusimama sawasawa kwenye alama?

Umbali wa kusimama ni mraba wa mwendo (kwa mita kwa sekunde) ukigawanywa kwa mara mbili ya kiwango cha kupunguza. Kwa kupunguza mita 0.6 kwa sekunde kila sekunde, kilomita 60 kwa saa zinahitaji mita 232. Kilomita 120 zinahitaji 926. Mwendo mara mbili, umbali mara nne. Kwenye mteremko wa 10 kwa 1,000 toa takriban 0.1 kwenye kiwango chako, na ile 926 inakuwa zaidi ya 1,100.

Hakuna anayepiga hesabu hii akiwa kwenye mwendo, kwa hiyo kariri namba tatu. Kwa breki laini ya 0.5: mita 200 kabla ya alama uwe kilomita 50 kwa saa, mita 100 uwe 36, mita 50 uwe 25. Angalia vizuri: umbali umegawanyika nusu lakini mwendo haujagawanyika nusu, ndiyo maana jicho linadanganywa na wageni husimama mita arobaini kabla ya alama, kisha wanajikokota kwa aibu.

Namna ya kushika nayo ina adabu yake. Shika kwa nguvu mapema, kisha legeza hatua kwa hatua kadiri mwendo unavyoshuka, na sekunde ya mwisho kabisa breki iwe karibu imeachia. Madereva wa treni za mijini za Japani ndio mabingwa wa mtindo huu. Ukisimama breki ikiwa imekaza, behewa linarudi nyuma kwa kishindo na abiria wote wanainama. Simuleta nyingi hupunguza alama kwa kosa hilo, na zinatenda haki.

Nianze na simuleta ipi?

Inategemea unachokitafuta, kila moja imechagua kitu cha kukipa uzito.

Ukitaka kuonja tu, Densha de Go! ya Taito, iliyoanzia kwenye mashine za michezo Japani mwaka 1996, ilithibitisha kuwa kusimamisha treni kwenye alama kunatosha kuwa mchezo kamili. OpenBVE ni ya bure, nyepesi, na inafuata njia iliyofunguliwa na simuleta ya BVE ya Japani: huwezi kutoka nje ya kichwa kutembea, lakini breki na milio yake ni ya kuheshimika hata kwenye kompyuta ya zamani. Open Rails nayo ni ya bure; inasoma njia na treni zilizotengenezwa kwa ajili ya Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001, na kwa upande wa fizikia imeiacha mbali sana.

Train Sim World inapendeza macho, unatembea kwenye jukwaa na kufungua swichi kwa mkono, na inapatikana hata kwenye konsoli. Train Simulator Classic ina akiba kubwa ya njia na vichwa, ila ubora hutofautiana sana kati ya nyongeza moja na nyingine, kwa hiyo usiihukumu kwa treni moja. Trainz, iliyotokea Australia mwaka 2001, ni ya wanaopenda kujenga: wengine hutumia miezi wakitandika reli na hawaendeshi hata kidogo. Zusi ya Ujerumani ina mandhari ya kawaida tu, lakini kwa ishara, breki na PZB ni vigumu kuishinda, na ina toleo la kitaalamu kwa ajili ya mafunzo. Run 8 ni ya mizigo ya Marekani.

JR East Train Simulator inatumia video halisi iliyopigwa kutoka kwenye kichwa. Kampuni iliyoitengeneza, Ongakukan, ilianzishwa na Minoru Mukaiya, aliyekuwa mpiga kinanda wa bendi ya Casiopea, aliyetoa simuleta yake ya kwanza ya video mwaka 1995 na ambaye pia hutunga miziki midogo inayopigwa stesheni treni zinapoondoka. Video ina faida na hasara yake hapohapo: kila jani ni la kweli, lakini picha inafuata mwendo wako, kwa hiyo ukipunguza mwendo, wapita njia nao wanatembea taratibu kama wamelewa.

Treni ndefu ya mizigo inakatika kila mara. Kwa nini?

Kwa sababu huendeshi kitu kimoja. Kati ya behewa na behewa kuna nafasi ya kuchezacheza, sentimita kumi na kitu kila kiungo. Mabehewa 100 yanakupa zaidi ya mita 10 ambazo kichwa kinaweza kusogea kabla la mwisho halijatikisika. Ukiongeza nguvu nyingi mara moja, kichwa kinakuwa kimeshapata mwendo wakati mkia umesimama, na mshtuko unaishia kwenye kiungo kimoja kibovu.

Ondoka na daraja la kwanza la nguvu, subiri mpaka mkia uanze kusogea, ndipo uongeze. Kwenye kilele cha mlima ndipo hatari ilipo: mbele inateremka, nyuma bado inapanda, na katikati panavutwa pande zote mbili. Punguza nguvu kabla kichwa hakijaanza kushuka, na usiguse breki ya kichwa mpaka treni yote itulie upande mmoja. Kama simuleta yako haikati viungo kamwe, huenda chaguo hilo limezimwa. Open Rails inalo kwenye mipangilio.

Treni za mvuke ni ngumu kweli kama inavyosemwa?

Ndiyo, kwa sababu unaendesha boila, na treni inafuata. Makaa unayotupa sasa yanatoa mvuke dakika kadhaa baadaye. Kwa hiyo mlima unauandalia kabla hujaufikia: moto mweupe, shinikizo karibu na kikomo, maji juu ya nusu ya kioo. Tupa makaa kidogo kila mara. Rundo kubwa kwa mkupuo linazima moto na kuleta moshi mweusi. Injekta inaingiza maji baridi na kushusha shinikizo, hivyo itumie ukiwa umefunga mvuke au unateremka.

Kosa linaloua ni la kioo cha maji. Unapopanda, maji hulalia nyuma, upande wa tanuru, na kioo kinaonyesha mengi kuliko yaliyopo. Unavuka kilele, kichwa kinainamia mbele, maji yanakimbilia upande wa dohani, na paa la tanuru linabaki wazi juu ya moto mkali. Katika injini halisi kuna vizibo vya madini ya risasi vinavyoyeyuka ili mvuke umwagike juu ya moto kabla paa halijapasuka. Simuleta zinazojali hili zitakumalizia safari. Kabla ya kilele chochote, hakikisha una maji ya kutosha pande zote mbili.

Baada ya kuondoka, rudisha mkono wa mwelekeo taratibu kuelekea katikati kadiri mwendo unavyopanda. Mvuke unaingia silindani kwa muda mfupi zaidi na kupanuka wenyewe; maji na makaa yanadumu. Asiyejua hili anamaliza tangi nusu ya njia.

Nahitaji kompyuta ya namna gani, na kwa nini picha inakwamakwama?

OpenBVE na Open Rails zinaridhika na kompyuta ya kawaida. Train Sim World inataka kadi ya michoro ya maana. Lakini kukwama kwa muda mfupi kila baada ya kilomita moja au mbili mara nyingi hakutokani na kadi: ulimwengu umegawanywa katika miraba (katika Microsoft Train Simulator kila mmoja ni mita 2,048), na unapoingia mraba mpya programu inasoma vitu vyake kutoka diskini. Diski ya SSD inaponya sehemu kubwa ya tatizo hilo kuliko kadi mpya. Punguza pia umbali wa kuona na wingi wa miti.

Funga fremu kwenye 30 thabiti badala ya kuhangaikia 60 zinazopanda na kushuka. Treni haigeuki ghafla, jicho linaridhika na 30.

Train Simulator Classic ikikuangusha katikati ya njia kubwa, hakikisha unafungua toleo la biti 64, lililoletwa mwaka 2018. Lile la biti 32 halivuki gigabaiti 4 za kumbukumbu hata kompyuta iwe na 32.

Ninunue vidhibiti maalumu?

Si mwanzoni. Kibodi inatosha kujifunza, mradi uwe na kawaida ya kutazama geji. Shida yake ni moja: kitufe kina mapigo, mkono wa breki una nafasi. Kuna meza ya mikono iitwayo RailDriver iliyotengenezwa kwa kazi hii, na zipo njia za kutumia mikono ya simuleta za ndege. Kabla ya kulipa, soma kama simuleta yako inaikubali moja kwa moja au inahitaji programu ya kati. Ukishaunganisha, fanya upimaji wa nafasi za mwanzo na mwisho, la sivyo breki itabaki na asilimia mbili imekaza safari nzima na utashangaa kwa nini treni ni nzito.

Niwashe msaada wa alama na namba zinazoelea kwenye skrini?

Washa siku za mwanzo, kisha zima kimoja kimoja. Cha kwanza kuzima kiwe kile kinachokuonyesha ishara inayofuata na umbali wake, kwa sababu hicho ndicho kinachokuzuia kuijifunza njia.

Safari ya saa tatu si inachosha?

Inachosha ukiiendesha bila kazi. Chukua ratiba. Treni za mijini za Japani hupangiwa muda mpaka sekunde 15, nyingine mpaka 5, na kujaribu kufika ndani ya hapo bila kushika breki kwa nguvu kunakula akili kweli. Au jiwekee sharti la kutumia nguvu kidogo iwezekanavyo: fika mwendo, zima mota, jiachie. Njia moja ya kilomita 40 uliyoiendesha mara nyingi mpaka unaijua kila mteremko inaburudisha kuliko njia kumi ulizozipita mara moja. Watengenezaji wanauza njia mpya kila kukicha, usiwafuate mbio.

Raha nyingine ni watu. SimRail, yenye njia za Polandi, inakuruhusu uwe dereva huku binadamu mwingine akiwa kwenye chumba cha ishara, na Run 8 nayo ina waongozaji wa treni. Ukisimamishwa kwenye taa nyekundu na mtu anayejaribu kupitisha treni ya kasi mbele yako, subira inakuwa na sababu. Na kama moyo wako uko kwenye ishara zaidi ya mikono ya nguvu, SimSig inakukalisha kwenye vituo vya ishara vya Uingereza bila treni hata moja ya kuonekana, mistari na namba tu kwenye skrini. Ina wapenzi wake sugu.

Nikizoea simuleta, naweza kuendesha treni halisi?

Utajua lugha: geji, ishara, kwa nini breki zinachelewa. Hilo si dogo. Lakini dereva halisi anahisi treni kwa kiti na miguu. Anajua mkia umenyooka kabla geji haijasema. Simuleta ya mezani inakupa macho na masikio tu, na macho yenyewe yanadanganywa na skrini ndogo, ambayo hufanya mwendo uonekane mdogo kuliko ulivyo. Kampuni za reli hutumia simuleta kufundishia, ila ni vyumba kamili vya dereva, vingine vikitikisika, na mwalimu nyuma anayekuletea moto, ukungu na ng'ombe relini. Na baada ya hapo bado kuna kujifunza njia kwa kusafiri na dereva mzoefu.

Kwa upungufu huo wa kuhisi, wekeza kwenye sauti. Spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni vitakuambia kompresa imeanza, gurudumu linateleza, flanji (ukingo wa gurudumu) inasugua reli konani. Sauti ndiyo inayoziba pengo la kiti.

Nimesakinisha njia mpya, nakuta mashimo ardhini na mabehewa hayaonekani.

Njia nyingi za bure hukopa vitu kutoka kwenye pakiti nyingine. Soma faili ya maelezo iliyokuja nayo, utakuta orodha ya zinazohitajika. Sakinisha zote, kwa majina yaleyale ya folda. Herufi moja ikikosewa, programu haikioni kitu. Kwa Open Rails, fungua faili ya kumbukumbu iliyoachwa baada ya kuendesha: inataja jina la kila kilichokosekana. Usinakili folda ya njia juu ya ya zamani. Futa ya zamani kwanza, kwani mabaki ya toleo la nyuma ndiyo huleta ishara zisizobadilika rangi na pointi za reli (swichi za kubadilisha njia) zinazokupeleka njia ya pembeni. Na weka akiba ya njia inayofanya kazi kabla hujaigusa.